Mbuzi Aliyechinjwa Anakimbilia Wapi? Somo Kuhusu Ugwe wa Mgongo na Mwendo wa Miguu



Wanafunzi wapenzi, siku ya Iddi el-Hajj iliyopita tulichinja mbuzi nyuma ya madrasa, na wengi wenu mlikuwepo. Kisu kilipita vizuri, damu ikatoka, macho ya mbuzi yakatulia. Kisha, wakati kila mtu anadhani kazi imekwisha, miguu ikaanza. Mbuzi amelala ubavu, lakini miguu inakwenda mbele na nyuma kama anayepanda mlima. Mmoja wenu wa darasa la chini akaniuliza, "Maalim, huyu si amekwisha kufa? Sasa anakimbilia wapi?" Mkubwa wake akamjibu kwamba anamkimbia mchinjaji. Watu wakacheka. Mimi nikasema tutalizungumza wakati wa somo, na ukweli ni kwamba nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na jibu.

Diploma yangu ni ya masomo ya Kiislamu, si ya biolojia. Ikabidi niwaulize walimu wa sayansi, na nisome. Nilichokipata kimenishughulisha kuliko nilivyotegemea, kwani swali la mbuzi lilinirudisha kwenye mguu wa kaka yangu, ambao nitauelezea huko mbele. Basi leo nalipa deni la lile swali.

NUKHAA

Katika fiqhi ya kuchinja mmesoma kwamba mchinjaji hukata koo na mishipa ya shingo, na kwamba imekatazwa kufanya haraka ya kuvunja shingo na kufikia nukhaa kabla mnyama hajatulia. Wengi mnalikariri neno hili bila kulifahamu. Nukhaa ni ile kamba nyeupe, laini, iliyomo ndani ya mfupa wa mgongo. Kwa Kiswahili huitwa ugwe wa mgongo. Msichanganye: uti wa mgongo ni pingili za mifupa, na ugwe ndio unaopita ndani ya tundu la pingili hizo, kama kamba iliyopita ndani ya shanga. Kwa mtu mzima ugwe una urefu wa karibu sentimeta 45, na unene wake haufiki wa kidole cha mwisho. Unaanzia kwenye ubongo na kuishia karibu na kiuno. Kutoka humo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, kulia na kushoto, kwenda mwili mzima.

Mahali pa kuzingatia ni sehemu ya chini ya ugwe, kwenye usawa wa mbavu za mwisho. Hapo ugwe umevimba kidogo, kwa sababu pana seli nyingi za fahamu zinazohudumia miguu. Hapo ndipo mbuzi wetu alipokuwa akikimbilia. Kisu kilikata koo, damu ikaacha kufika kwenye ubongo, ubongo ukazimika. Lakini nukhaa ilikuwa haijaguswa, na seli zake zilibaki na uhai kwa muda mfupi bila msimamizi. Mateke yale yalitoka mgongoni. Mbuzi hakuwa akimkimbia mtu, wala hakuwa akihisi kitu wakati ule.

Kuku ni ushahidi wa wazi zaidi, ijapokuwa yeye si katika wanyama wanaonyonyesha. Kuku aliyekatwa kichwa kizima kwa bahati mbaya anaweza kuinuka na kukimbia uani. Kichwa kiko hapa, miguu inakwenda kule.

Ama kwa mwanadamu, ulizeni mama zenu. Mtoto mchanga wa siku chache, ukimshika makwapani, ukamsimamisha nyayo zikagusa mkeka na ukamwinamisha mbele kidogo, hunyanyua mguu mmoja kisha mwingine, kama anayetembea. Hajui hata mkono wake ni wake, lakini hatua anazo. Baada ya miezi miwili hivi hatua hizo hupotea, na atakuja kutembea mwenyewe karibu na mwaka. Na ndama wa ng'ombe, mnaochunga mnajua, huzaliwa asubuhi, na kabla jua halijapanda sana ameshasimama na anamfuata mama yake. Nani alimfundisha? Hatua alizaliwa nazo.

KINU KIMOJA, MICHI MIWILI

Hebu tuingie ndani. Mguu una misuli inayokunja na misuli inayonyoosha. Ukitembea, ya kukunja hunyanyua mguu kutoka ardhini, kisha ya kunyoosha huusimamisha na kusukuma mwili mbele. Zote mbili zikivuta kwa wakati mmoja mguu unakuwa mkavu kama mti. Kwa hiyo lazima moja ifanye kazi na nyingine ikae.

Mwaka 1911 mtaalamu mmoja wa Kiskochi, Thomas Graham Brown, alichapisha kazi yake juu ya jambo hili. Alitumia paka waliotiwa dawa ya usingizi. (Najua baadhi yenu hamtapenda, hata mimi sikupenda; lakini ndivyo elimu hii ilivyopatikana na si haki kuwaficha.) Alikata ugwe ili amri ya ubongo isifike chini. Akakata pia mishipa inayopeleka habari za mguu kwenye ugwe, ili isisemwe kwamba mguu wenyewe ndio unaojichochea kwa kugusa kitu. Pamoja na hayo yote misuli ya kukunja na ya kunyoosha iliendelea kupokezana kwa mpangilio wa hatua. Ikawa hakuna pa kuiweka asili ya hatua isipokuwa ndani ya ugwe wenyewe. Bwana huyu alikuwa pia mpanda milima mashuhuri, lakini maoni yake hayakushughulikiwa sana mpaka miaka ya 1960, Anders Lundberg na wenzake wa Sweden walipoyarudia.

Maelezo aliyoyatoa ni mepesi mkifikiria wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi wa huyu ukishuka, wa yule uko juu. Hawapigi kelele za amri, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi, na mapigo yanakuwa ya zamu. Ndani ya ugwe kuna kundi la seli za kukunja na kundi la seli za kunyoosha, na kila kundi likifanya kazi hulinyamazisha la pili. Kundi lililokuwa likifanya kazi linapochoka, lile lililonyamazishwa linapata nafasi, nalo linamnyamazisha mwenzake. Hivyo ndivyo hatua zinavyojiendesha. Siku hizi wataalamu wameona kwamba mambo ni mapana kuliko makundi mawili tu, lakini msingi wa kupokezana umebaki.

Hapa pana jambo ambalo mimi sikulijua: seli za kuzuia zina kazi kubwa sawasawa na seli za kuamsha. Dalili yake ni ugonjwa mnaoujua kwa jina, pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, huingia kwa kidonda cha msumari au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa na wembe mchafu. Sumu yao hupanda kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye ugwe, na huko huzinyamazisha zile seli za kuzuia. Matokeo yake watwangaji wote wanapiga kwa pamoja. Misuli ya kukunja na kunyoosha inakaza yote, mgongo unapinda kama upinde, taya zinajifunga. Wazee walipoona hali ile wakasema ni pepo, na jina likabaki. Kinga yake ni sindano anayopewa mama mjamzito na mtoto, na jeraha kusafishwa.

Kupokezana huko kupo pia baina ya mguu wa kulia na wa kushoto. Kuna seli ambazo nyuzi zake huvuka kutoka upande mmoja wa ugwe kwenda wa pili, kupeleka habari kwamba "mimi nimenyanyua, wewe simama." Mwaka 2013 Ole Kiehn na wenzake huko Stockholm walieleza juu ya panya waliokosa aina moja ya seli hizi: hawakuweza kupokezana miguu, wakawa wanaruka miguu yote kwa pamoja kama sungura. Mwaka mmoja kabla yake, wataalamu wa Sweden walikuwa wameonyesha kwamba badiliko dogo la kurithi linalogusa seli za ugwe ndilo linalowawezesha farasi fulani kutembea kwa kupeleka mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja pamoja. Sisi hatuna farasi hao, lakini anayepita Hifadhi ya Katavi amtazame twiga anavyotembea: miguu ya upande mmoja huenda karibu pamoja, kisha ya upande wa pili. Mbuzi hatembei hivyo.

UBONGO UNAAMURU NINI?

Mtauliza, kama ugwe unafanya yote haya, ubongo una kazi gani? Unaamua kuanza, kusimama, kuharakisha, kugeuka, na unashika mizani tusianguke. Mwaka 1966 huko Moscow, Shik, Severin na Orlovsky waligundua mahali padogo chini ya ubongo wa paka ambapo wakipitisha umeme kidogo paka huanza kutembea juu ya mkanda unaozunguka. Wakiongeza umeme anaenda mbio za polepole, wakizidisha anatimua mbio. Umeme wenyewe haukuwa na maelezo yoyote ya mguu upi uanze na goti likunjwe lini. Ulikuwa ni kama kusema "nenda" na "nenda zaidi." Maelezo yalijazwa na ugwe. Ndiyo maana mnaweza kutembea kutoka nyumbani mpaka hapa huku mnadurusu sura nzima kwa moyo, na hamkumbuki hata hatua moja mliyopiga njiani.

Na miguu nayo huleta habari. Nyayo ikikanyaga jiwe, au ikizama kwenye tope la jaruba la mpunga, ugwe hupata habari na kurekebisha hatua kabla ubongo haujajua. Mmelijaribu hili wenyewe bila kukusudia. Mtu akikalia mguu muda mrefu juu ya mkeka, akisimama ghafla hupepesuka, mguu umekufa ganzi. Mishipa imebanwa, na habari haziendi wala hazirudi sawasawa. Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka namna hiyo mbele ya darasa, na mnakumbuka vizuri zaidi kuliko mlivyohifadhi somo la siku ile.

MGUU WA KAKA YANGU

Kaka yangu mkubwa alizaliwa katikati ya miaka ya 1980. Alikuwa ameshaanza kukimbia. Akapata homa ya siku chache, na homa ilipoondoka iliondoka na mguu wa kushoto. Mguu ulikuwa umelegea, unaning'inia kama kitambaa. Lakini ukimfinya analia! Hisia zote zipo, nguvu hakuna. Wakubwa wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, wakaamua kwamba mtoto amekanyaga mahali pa jini kando ya mto. Wakazunguka naye kwa waganga karibu miaka miwili. Alichanjwa chale, akafungwa hirizi kiunoni, akafukizwa mpaka macho yakavimba. Mganga mmoja alichukua ng'ombe. Mguu ukakonda, ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Alipofika kwa daktari alikuwa mkubwa. Daktari akamkalisha kitandani miguu ikining'inia, akachukua kinyundo kidogo cha mpira, akagonga chini ya kilegesambwa cha goti. Mguu wa kulia uliruka. Akagonga wa kushoto, ukanyamaza. Akagonga tena. Mama yangu husimulia kwamba daktari hakusema neno, alikaa tu akamwangalia mtoto.

Sasa ninajua alichokuwa anakisikiliza kwa kinyundo. Mwisho wa safari ya kila amri ya mguu, iwe imetoka kwenye ubongo au kwa wale watwangaji wa ugwe, ni seli moja kubwa iliyo upande wa mbele wa ugwe, ambayo uzi wake hutoka nje na kwenda mpaka kwenye msuli. Hiyo ndiyo mlango wa mwisho. Virusi vya polio huingia mdomoni kwa maji au mikono yenye uchafu wa choo, hukaa tumboni, na kwa watu wengi huondoka bila dalili. Kwa mmoja kati ya karibu 200 hufika kwenye ugwe na kuua zile seli za mlango. Seli za hisia hazigusi, ndiyo maana kaka alilia alipofinywa. Na seli ya fahamu ikifa haioti tena. Hakuna mganga wala daktari awezaye kuirudisha.

Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini kwetu alionekana mwaka 1996, na Agosti 2020 Afrika yote ilithibitishwa kuwa imeondokana nayo. Kisha mwishoni mwa 2021 mtoto mmoja wa Malawi alipooza kwa virusi vilivyotoka nje ya Afrika, na mwaka 2023 akapatikana mtoto wa mkoa wa Rukwa, jirani zetu kabisa. Huyu wa Rukwa alikuwa na aina inayotokana na chanjo, na hapa ndipo maneno mengi yanapotoka mitaani, kwa hiyo nitasema waziwazi. Matone yale huwa na virusi vilivyodhoofishwa. Mtoto aliyepewa huvitoa kwa choo. Penye watoto wengi wasiochanjwa virusi hivyo huweza kupita kutoka huyu kwenda yule kwa miezi mingi, na katika kupita huko vikabadilika na kurudisha ukali. Penye watoto waliochanjwa karibu wote havipati pa kupita. Kwa hiyo ugonjwa ule ulipata njia kwa wale waliokosa chanjo. Septemba 2023 matone yalipelekwa nyumba kwa nyumba katika mikoa 6, Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, kwa watoto walio chini ya miaka 8. Hapa hapa nilimwona mama mmoja amemfungia mtoto chumbani, anawaambia wachanjaji amekwenda kwa bibi yake. Mtoto akakohoa. Nikamwita kaka yangu aje. Hakuhutubia. Alikunja suruali tu mpaka gotini.

MIGUU ILIYOFUNGWA

Kuna kupooza kwa namna nyingine, na sisi walaji wa ugali wa muhogo yatupasa tukujue. Huko Kongo Wayaka wanauita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Kwetu ulizuka Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, na Mtwara mwaka 2002 na 2003. Mtu, hasa mtoto au mwanamke, analala mzima, na mara miguu yote miwili inakaza. Hailegei kama wa kaka yangu, bali inakuwa migumu, magoti yanasuguana, anatembea kwa vidole. Haupoi.

Sababu yake ni sumu ya muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, ukiliwa wiki nyingi bila chakula cha kujenga mwili. Ukame unaongeza sumu katika muhogo, na njaa inawafanya watu wafupishe siku za kuuvundika. Kinachoharibika hapa ni seli zinazoleta amri kutoka kwenye ubongo. Ugwe upo, mlango wa mwisho upo, lakini njia ya kutoka juu imekatika, na ugwe bila msimamizi unakaza kupita kiasi. Ukigonga goti la mgonjwa huyu linaruka kwa nguvu zaidi ya kawaida. Tazameni basi: goti lililonyamaza na goti lililozidi kuruka, na kinyundo kimoja kimesema ubovu uko wapi.

Muhogo mchungu uvundikwe siku zisizopungua tatu. Na kwa unga wenye mashaka, changanya na maji, utandaze mwembamba kivulini saa 5 ili sumu itoke hewani, kisha songa ugali siku ileile. Kula na dagaa wa Karema au maharage.

ALIYEANGUKA

Msimu wa maembe unakuja, na bodaboda hazina msimu. Mtu akianguka na akasema miguu haina nguvu, au shingo na mgongo vinamuuma sana, asinyanyuliwe kwa kushikwa mikono na miguu. Pingili iliyovunjika huweza kuukata ugwe ambao ulikuwa bado mzima. Atafutwe ubao au mlango, watu wanne au watano wamviringishe pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda kwa wakati mmoja, kisha ndipo apelekwe.

Kwa aliyekatika ugwe mgongoni, watwangaji wa miguu huwa hai chini ya jeraha, wanangoja neno "nenda" ambalo haliji. Huko Lausanne, Uswisi, Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch waliweka kibao chembamba cha umeme juu ya ugwe wa watu 3 waliopooza kabisa, na wakatangaza mwaka 2022 kwamba watu hao walisimama na kupiga hatua siku ileile kilipowashwa, wakiwa wamening'inizwa kwa mikanda. Baada ya mazoezi ya miezi waliweza kutembea wakishikilia kigari. Kikizimwa, karibu yote huondoka.

Kazi ya nyumbani kwa darasa la nne na la tano. Kaa juu ya benchi refu, miguu ining'inie bila kugusa chini, ulegeze. Mwenzako akugonge kwa ubavu wa kiganja chini kidogo ya kilegesambwa. Kisha jaribu kuuzuia mguu usiruke kwa kuamua tu moyoni, bila kukaza. Andika kilichotokea, na uandike ni nani aliyeamuru. Daftari niletewe Jumamosi kabla ya Adhuhuri, na asiyepata goti la kugonga, kaka yangu amesema mguu wake wa kulia upo.